Fundi wa kiyoyozi yuko paani, ufunguo wa umeme uko wapi?

WENYE hoteli, kumbi na ofisi hapa Songea wameacha kuogopa mitambo mikubwa. Zamani mji wetu uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, na aliyefunga kiyoyozi kikubwa alijua umeme utamsumbua. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilituunganisha na gridi ya taifa, na hesabu ya mwenye jengo ikabadilika. Mtu atauliza mji wenye baridi kama ya kwetu mwezi Juni na Julai unahitaji kiyoyozi cha nini. Aingie kwenye ukumbi wa harusi wenye watu mia tatu mwezi Novemba, kabla mvua haijakolea, atapata jibu.

Wiki hii naandika kuhusu mafundi wanaopanda juu ya paa kufunga mashine hizo. Ni suala la afya kwa sababu moja rahisi: fundi anaponaswa na umeme au anapoanguka, haletwi karakana, analetwa kwetu.

Kiyoyozi cha paani ni kasha moja zito la chuma. Hewa yake hupita kwenye mifereji ya bati, ambayo mafundi huiita dakti, hadi vyumbani. Shida huanza mashine ya zamani inapokufa. Mpya inayonunuliwa huwa midomo yake ya hewa haikai sawa na matundu yaliyopo. Ya zamani ilipuliza chini, mpya inapuliza pembeni, au mdomo mmoja ni mpana kuliko mwingine. Hapo huwekwa kipande cha kubadilishia, yaani kisanduku cha bati kinachokaa kati ya mashine na dakti, au vibao vya mashine huhamishwa ili hewa itokee upande mwingine. Kwenye makadirio ya bei kazi hiyo huchukua mstari mmoja. Na kwa kuwa ni mstari mmoja, hakuna anayefikiria jukwaa, kamba, wala mtu wa pili. "Kazi ya nusu saa tu hiyo, bosi." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa ndugu wa mgonjwa, wakieleza jinsi mambo yalivyoanza.

Rai yangu ni kwamba mstari huo mmoja uwe miwili. Wa pili uandikwe gharama za usalama, na mwenye jengo aulipe bila kunung'unika. Leo fundi anayeweka gharama hizo kwenye makadirio yake huonekana ghali, kazi akapewa mwenzake asiyeziweka. Kwa maneno mengine, sisi tunaolipa ndio tunaowachagua wanaopanda bila kamba.

Nianze na umeme, maana ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Mashine ndogo hutumia volti 230. Kubwa za paani hutumia umeme wa njia tatu, volti 400. Mwili wa binadamu hauhitaji umeme mwingi ili uharibike. Mkondo wa milliampea 10 hadi 20 hivi unatosha kukaza misuli ya mkono kiasi kwamba mtu hawezi kuachia waya alioushika. Ukifika milliampea 50 hadi 100 na kupita kifuani, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpangilio na kuanza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Taa ndogo ya chumbani hutumia mkondo wa kiwango hicho. Fundi aliyeloa jasho juu ya bati la saa saba mchana yumo hatarini zaidi, kwa sababu ngozi yenye maji huupitisha umeme kwa urahisi.

Juu ya paa kuna jambo jingine. Mshtuko mdogo ambao ukiwa sakafuni ungekufanya useme "aah!" na kucheka, ukiwa ukingoni mwa paa unakurusha chini. Hapo kinachoua ni ardhi, na kwenye kadi ya hospitali tunaandika kwamba ameanguka.

Wengi husubiri umeme wa TANESCO ukatike ndipo wapande. Hiyo ni bahati nasibu. Umeme uliokatika hurudi bila kumwambia mtu. Tena majengo mengi yanayofunga mashine hizi yana jenereta yenye swichi inayohamisha umeme yenyewe: gridi ikizimika, baada ya sekunde chache jenereta inanguruma na waya ule ule alioushika fundi unakuwa hai. Njia ya salama ni kuzima swichi ya mashine yenyewe, kuifunga kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi aliye juu. Usikae kwa mlinzi, wala mapokezi, wala kwa meneja. Kisha apime kwa tesita: kwanza mahali anapojua pana umeme ili ahakikishe tesita ni nzima, halafu kwenye mashine, halafu arudie pale pa kwanza. Ndani ya mashine kuna kapasita zinazohifadhi chaji hata baada ya kuzima, nazo lazima zimalizwe chaji kabla mkono haujaingia. Fundi anayefahamu kazi ataona nasema ya darasa la kwanza. Mwenye jengo ndiye namwandikia, kwa sababu anaweza kuuliza swali moja tu: ufunguo uko wapi? Na amuulize pia kama ana leseni ya EWURA ya kufunga umeme.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Humo wamo wazee walioteleza bafuni na watoto walioanguka mtini. Wamo pia vijana wa kazi. Paa zetu nyingi ni za bati jembamba lililolala juu ya mbao, na katikati huwekwa mabati angavu ya kuingizia mwanga. Mabati hayo hupauka na kukauka kwa jua, mtu hayatambui, anakanyaga na kupita moja kwa moja hadi sakafuni. Anayepanda atembee juu ya mistari ya misumari, ambako chini yake kuna mbao, au atandike ubao mrefu wa kukanyagia. Kipande kikubwa cha bati cha kubadilishia kisibebwe na mtu mmoja wakati wa upepo. Upepo ukiingia chini yake kinakuwa tanga, na aliyekishika anakifuata.

Mkanda uwe wa mwili mzima, uliofungwa kwenye nguzo au mhimili imara. Bomba la maji na kasha la kiyoyozi ambalo bado halijafungwa havifai. Mkanda wa kiunoni peke yake ukidaka mtu anayeanguka unaweza kumpasua viungo vya tumboni. Na hata mwenye mkanda mzuri asiwe peke yake. Aliyezirai huku ananing'inia, damu hujikusanya miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kufa kwa kuning'inia tu. Kwa hiyo mtu wa pili si wa kupitisha spana tu. Ndiye mwokozi.

Kijana mmoja niliyemhudumia miaka kadhaa iliyopita alianguka kutoka ghorofa ya kwanza. Wenzake, kwa mapenzi kabisa, walimkunja wakamkalisha kwenye bajaji. Alifika miguu haina hisia. Hatutajua kamwe kama uti wa mgongo ulikatika pale chini au ndani ya bajaji. Ninachojua ni maisha yaliyofuata: mpira wa mkojo, vidonda vya kulalia, mke aliyeacha biashara sokoni ili amgeuze kila baada ya saa mbili. Upasuaji mgumu wa uti wa mgongo mara nyingi humaanisha rufaa hadi MOI, Muhimbili, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Weka nauli hiyo na miezi hiyo mezani, kisha ulinganishe na bei ya mkanda na siku moja ya kukodi jukwaa. Mkanda haufikii hata bei ya kompresa ya mashine inayofungwa.

Bati lililokatwa nalo ni kisu. Kidole kilichokatwa na kisha kikagoma kukunjika kimepoteza kano, na kano ikishonwa mapema hupona vizuri kuliko ikisubiri wiki mbili kwa kufungwa kitambaa. Hapo pia iulizwe chanjo ya pepopunda. Kina mama huipata kliniki wakati wa ujauzito. Wanaume wengi wazima hawakumbuki walichanjwa lini, na wao ndio wanaokata mabati.

Lipo paa moja ambalo halitakiwi kukatwa kabisa na fundi wa kawaida. Baadhi ya majengo ya zamani yaliezekwa kwa vigae vya mawimbi vya saruji yenye asbesto, vya kijivu na vinene kuliko bati. Kutoboa tundu la dakti kwa msumeno kunarusha nyuzi ndogo zisizoonekana. Zikivutwa hukaa mapafuni na kusababisha makovu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka, mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 40. Kitambaa cha puani hakizuii nyuzi hizo. Ukilitilia shaka paa lako, simamisha kazi na uwasiliane kwanza na ofisi ya OSHA au ya mazingira ya halmashauri.

Najua nitakachojibiwa: huyu ni daktari, hajui biashara ndogo inavyobanwa. Nakubali kwamba nyumba ya wageni ya vyumba kumi haiwezi kuajiri ofisa usalama. Lakini kufuli, kamba na mtu wa pili si mambo ya mahoteli ya Dar es Salaam. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi haumii kazini, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango Julai 2015, hugharimia matibabu na kumlipa aliyepata ulemavu. Tatizo ni fundi wa kujitegemea anayeitwa kwa simu, ambaye hana mwajiri wala mchango. Ukiwa na kazi ya paani, chukua kampuni iliyosajili watu wake WCF, na uombe kuona uthibitisho kabla ya kulipa malipo ya awali.

Kazi ikiisha, kagua jambo moja kwa niaba ya watakaokaa ndani. Mdomo wa mashine unaovuta hewa ya nje usielekee bomba la moshi la jenereta, maana moshi ule una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na dakti itaigawa chumba kwa chumba. Wala mdomo huo usizibwe ili kubana matumizi ya umeme. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya umma. Ukumbi unaozungusha hewa ile ile hugawana pia kifua kikuu cha mmoja.

Na ikitokea mtu ameanguka au amenaswa: zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujamgusa. Kama hapumui kawaida na haitiki, mlaze chali mahali pagumu na ubonyeze katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kama anapumua, usimkalishe wala kumpa maji. Mmoja ashike kichwa na shingo zisitikisike, wengine watatu au wanne wamwinue kwa pamoja kama gogo na kumlaza juu ya ubao au mlango. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, bure. Gari lolote lenye nafasi ya kumlaza mtu akiwa amenyooka linafaa kuliko bajaji.