Vijana wa jogging si wapambe

Jumapili alfajiri, kabla daladala hazijajaa, barabara za Temeke na Mbagala ni mali ya vijana wa jogging. Fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia huku wanakimbia. Hakuna aliyewalipa. Wanachangishana wenyewe, wanauguzana, wanazikana. Mara ya mwisho mkubwa yeyote aliwaita kwa lipi? Mji mzima unajua: kumpokea mgeni rasmi.

Mgeni rasmi anatarajiwa saa moja, anafika saa nne. Anashuka garini na kitambi ndani ya suti mpya ya michezo, anakimbia hatua za kutosha kupigwa picha, kisha anashika kipaza sauti na kuwaasa vijana waliokimbia tangu kumi na moja kwamba mazoezi ni afya. Washindi wa kuvuta kamba wanazawadiwa kreti za soda. Soda, kwenye bonanza la kupiga vita kisukari!

Uzinduzi tumeshiba. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Novemba 2019 ukazinduliwa mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza. Muulize mtendaji wa mtaa wako Jumamosi ya pili ni lini, umwone anavyotazama kalenda.

Maradhi hayangoji mgeni rasmi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban asilimia 26 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana presha, na asilimia 9 wana kisukari. Wengi hawakuwa na habari. Presha haiumi, na hiyo ndiyo hila yake: mtu anaijua siku amepooza upande mmoja, na hata hapo majirani watanong'ona kwamba karogwa.

Basi wapeni vijana hawa mashine za presha, na muuguzi wa zahanati awafundishe. Mtu akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono wazi usawa wa moyo, na anyamaze. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kijana asijifanye daktari. Ampeleke zahanati akapimwe tena. Baba wa miaka 45 haendi zahanati mpaka abebwe. Lakini kijana wa mtaani kwake akimkuta kijiweni au banda la kubeti, akamtania kidogo, mkono ataunyoosha.

Nawasikia wataalamu, wakitoka kwenye semina hotelini na sambusa mdomoni: vijana wataharibu kazi ya kitaalamu. Enzi za UKIMWI, waelimishaji rika ndio waliosimama hadharani kusema habari za kondomu ambazo wazee waliona haya hata kuzitamka. Walifaa kwa kondomu, hawafai kwa mashine ya presha?

Wengine watasema halmashauri zina asilimia 10 ya mapato kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo. Bodaboda ina hesabu ya kila siku na rejesho lake linajulikana. Kumpima presha mama muuza vitumbua kunarejeshwa na nini? Vikundi hivi vinahitaji fungu la afya kwenye bajeti, na vinahitaji mahali pa kukimbilia. Viwanja vya wazi tumevigeuza fremu na gereji, vijana wanagombea lami na malori, halafu tunawapigia honi.

Mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti kila mwaka. Kabla ya kikao kijacho, kila klabu imkalishe diwani wake, imuulize fungu lao limeandikwa ukurasa gani. Mpaka aoneshe, wasimkimbilie na fulana yenye sura yake.