Tatizo Si Chumba Kimoja
Mwandishi anayetaka shule zinazochanganya madarasa zifungwe anadai kwamba mtoto wa darasa la pili akiketi na wa darasa la nne, wote wawili hupoteza. Kolombia inamkanusha. Mpango wa Escuela Nueva, ulioanza huko katikati ya miaka ya 1970 kwenye shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili, haukumtaka mwalimu ahubirie madarasa matano kwa zamu. Uliwapa watoto vitabu vya mwongozo wavifuate kwa kasi yao, kwa vikundi, huku mwalimu akizunguka, akisikiliza na kusahihisha. Aliyeugua au kwenda kuvuna huendelea pale alipoachia, bila kurudia mwaka. Utafiti wa UNESCO wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuta shule za vijijini za Kolombia zikizipita za mijini, isipokuwa zile za majiji makubwa.

Atasema kwetu hakuna vitabu wala mafunzo hayo. Naam, na hata Kolombia, mpango ulipopanuliwa upesi nchi nzima, ubora ulitetereka. Lakini hapo wa kulaumiwa ni mshika bajeti, si mtoto aliyeketi na wakubwa zake. Na shule ya kijiji ikishafungwa, atuambie mtoto wa miaka saba atatembea kilomita ngapi kuifikia shule isiyochanganya madarasa anayoitaka.