Unahama keja? Bei ya lori si hesabu yote

TEMBEA Umoja, Githurai au Pipeline jijini Nairobi kati ya tarehe 28 na tarehe 2 ya mwezi mpya. Utaona pikapu na malori madogo yamepakia godoro, mtungi wa gesi, runinga iliyofungwa kwa blanketi na meza ya plastiki iliyopinduliwa miguu juu. Mwenye vitu amekaa kando ya dereva, simu mkononi, akihesabu salio lake la M-Pesa.

Huenda mwezi ujao ni wewe. Landilodi ameongeza kodi, au maji hayaji, au umepata kazi upande ule mwingine wa jiji. Na swali la kwanza utakalouliza kwenye grupu la WhatsApp ni lile lile: "Nani anajua mtu wa lori wa bei poa?"

Si swali baya. Lakini ukianzia hapo na kuishia hapo, utaumia. Lori ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Hebu tupige mfano. Tuseme unalipa Sh12,000 kwa mwezi na umepata nyumba ya Sh11,000 Rongai. Kabla hujapewa ufunguo utatoa dipoziti ya Sh11,000 na kodi ya mwezi wa kwanza Sh11,000. Weka Sh2,500 za dipoziti ya maji na stima. Lori lichukue Sh6,000, vijana wa kubeba Sh2,000, katoni na kamba Sh800. Jumla ni Sh33,300, na hujanunua hata pazia.

"Si nitarudishiwa dipoziti yangu ya zamani?" utauliza. Ndiyo, lakini lini? Pesa za nyumba mpya zinadaiwa kabla hujaingia. Za nyumba ya zamani zinarudi baada ya kutoka, tena baada ya keateka kukagua kuta na kukata za rangi. Ukikatwa Sh4,000, utapata Sh8,000, na pengine wiki kadhaa baadaye. Katikati ya siku hizo mbili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo vijana wengi hutumbukia kwenye mikopo ya simu.

Sasa tazama hesabu ya pili. Lori, wabebaji, katoni na rangi ni Sh12,800 ambazo hazirudi. Umehama ili uokoe Sh1,000 kwa mwezi. Itakuchukua karibu miezi 13 kurudisha pesa hizo. Na kama nauli ya kwenda kazini imepanda kwa Sh50 asubuhi na Sh50 jioni, kwa siku 22 za kazi ni Sh2,200 kila mwezi. Hujaokoa kitu. Umelipa ili upate hasara.

Simaanishi usihame. Kuna nyumba za kutoroka hata kwa hasara: isiyo salama, isiyo na maji, yenye majirani wasiokuacha ulale. Ninachosema ni kwamba kodi ya chini peke yake si sababu ya kutosha mpaka uipime na nauli na gharama ya kuhama.

Kwa nini hesabu hii inauma zaidi siku hizi? Anza na mafuta. Julai 2023 serikali ilipandisha ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Julai 2024, ada ya kukarabati barabara ikatoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita. Dereva wa lori hana mtu mwingine wa kumsukumia mzigo huo ila wewe. Kumbuka pia kuwa EPRA hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Bei uliyopewa tarehe 10 huenda isiwe ile ile tarehe 30, kwa hivyo ithibitishe tena.

Halafu angalia payslipu. Kama mshahara wako ni Sh40,000 kabla ya makato, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unachukua Sh600, na bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, inachukua Sh1,100. Hiyo ni Sh1,700, kabla ya NSSF na PAYE. Ndiyo maana pesa ambazo ungeziweka kando za kuhama hazionekani zilikoenda.

Basi ufanye nini?

Kwanza, usiulize "ni pesa ngapi?" tu. Mwambie mtu wa lori kila kitu: unatoka orofa ya ngapi na unaenda ya ngapi, kama kuna lifti, kama lori linafika hadi getini, una kitanda cha ukubwa gani, friji ipo au haipo. Uliza kama bei hiyo ina wabebaji ndani yake, kuna malipo ya kusubiri au la, na kikivunjika kitu nani analipa. Kisha muandikie yote kwa ujumbe, naye akujibu amekubali. Usipofanya hivyo, utafika Rongai saa moja jioni, vitu vyako vikiwa bado juu ya lori, na dereva akwambie: "Bosi, hii ni orofa ya nne. Hatukusikizana hivyo." Wakati huo huna nguvu ya kubishana. Mvua nayo inanyemelea.

Pili, epuka foleni ya mwisho wa mwezi ukiweza. Kila mtu anapotaka lori siku moja, mwenye lori ndiye mfalme. Zungumza na keateka wa nyumba mpya mapema, umuombe akuruhusu uingize vitu siku tatu au nne kabla ya mwezi kuanza, Jumanne au Jumatano. Wengine hukubali kama umeshalipa.

Tatu, linda dipoziti yako tangu siku ya kuingia. Piga picha za kuta, sinki, vitasa na madirisha. Toa notisi kwa maandishi, kwa wakati uliowekwa kwenye mkataba. Usitegemee sana sheria ikuokoe: ile ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kwa bedsita ya Sh11,000, karatasi uliyotia sahihi na picha zako ndizo wakili wako.

Nne, na hili ndilo kubwa: anza kuweka pesa za kuhama siku unapohamia. Katika mfano wetu, ukitoa kodi ambayo ungelipa tu popote ulipo, unabaki na Sh22,300. Gawanya kwa miezi 12, ni karibu Sh1,900 kwa mwezi. Ziweke mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi, kwenye chama au sacco.

Ukiwa nazo, landilodi akipandisha kodi kesho una jibu. Usipokuwa nazo, utalipa atakachosema na kunyamaza. Mtu asiye na nauli ya lori hana sauti mbele ya mwenye nyumba.