Kabla ya bei, niulize kifua

Huku Mbeya ukitaja presha ya macho dukani, muuzaji ananyoosha mkono kwenye timololi hata shingo hajageuza. Mimi mwenyewe naitumia, asubuhi na jioni, na presha yangu imetulia. Bei yake mstaafu anaimudu. Sina ugomvi na dawa. Nina ugomvi na ule mkono unaotangulia swali: una pumu? Moyo wako unapigaje?

Dada yangu anayeishi Kihesa, Iringa, ana pumu tangu utotoni. Ukoo mzima tunajua baridi ya Juni inavyomkaba. Mwaka jana aliuziwa kichupa hichohicho, hakuna aliyemuuliza kitu. Haikupita siku nyingi kifua kikaanza kulia filimbi, shemeji akamkimbiza hospitali. "Yaani dawa ya jicho imeingiaje kifuani?" akaniuliza kwenye simu, sauti bado inakwaruza.

Inaingia. Kona ya jicho, upande wa pua, ina kitundu cha kupitishia machozi. Dawa hushukia humo mpaka puani, ikaingia kwenye damu, na timololi ikifika huko hubana njia za hewa na kupunguza mapigo ya moyo. Ndiyo maana ukishatia tone unatakiwa ufumbe jicho na kubana kona ile kwa kidole, dakika 2 hivi. Wangapi tumeonyeshwa? Na kwa mwenye pumu, kidole hicho si kinga. Anahitaji dawa nyingine.

Dada sasa yuko kwenye latanoprosti, tone moja usiku. Inashusha presha kuizidi timololi kidogo, na kwa kawaida haisumbui kifua. Visa vyake ni jicho kuwa jekundu na kope kurefuka (hilo la kope halijamkera hata kidogo). Bei yake ndiyo inauma. Tena kichupa kisichofunguliwa kinataka friji. Kikifunguliwa kinakaa wiki 6 pasipozidi nyuzi 25. Kwa Julai ya Uyole, chumba chochote kinatosha. Mimi naogopa safari: vichupa tunavyoagiza Dar es Salaam vikakaa karibu na injini ya basi, vikapita na joto la Ruaha Mbuyuni.

Nitawaudhi wenye maduka, lakini matone siyo njia pekee. Utafiti wa KCMC Moshi, uliochapishwa 2021, ulilinganisha timololi na tiba ya leza. Baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Kwa hesabu hiyo, kila hospitali ya rufaa ya kanda inastahili mashine hiyo na mtu wa kuiendesha.

Mwenye pumu anayetumia timololi leo asiitupe akakaa kimya. Presha itapanda bila maumivu, na mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki. Arudi kliniki leo hii, aseme kifua chake, abadilishiwe.