Risala ya Wazazi na Vijana wa Kata kwa Mkuu wa Wilaya Kuhusu Simu na Afya ya Vijana



Risala hii tumeiandika pamoja, wazazi, walezi na vijana wenyewe. Hatukuja kuilaani simu, maana kwa simu hiyo hiyo vijana wanatafuta vibarua na wazee tunatumiwa hela ya dawa. Tumekuja na madhara ambayo tumeyavumilia kwa muda mrefu, kila nyumba ikihangaika na mwanawe, ilhali chanzo chake kiko nje ya nyumba zetu na dawa yake iko mikononi mwa Serikali.

1. Mheshimiwa, kubwa kuliko yote ni usingizi. Bando la bei nafuu ni bando la usiku. Linaanza kazi watu wamelala na kwisha alfajiri, na kijana akishatoa hela yake hakubali liishe bure. Pita uchochoroni saa nane usiku utaona mwanga wa simu ndani ya chandarua, nyumba hii na ile. Asubuhi mtoto anaamka macho mekundu, chai haipiti, kipindi cha kwanza anasinzia, akiulizwa anafoka au analia. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Wapo wa kwetu wasiopata hata nusu yake, na shuleni wanaitwa wavivu. Tunaomba ofisi yako itufikishie ombi hili kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: kampuni za simu zitakiwe kuuza bando la bei hiyo hiyo kwa saa za jioni, ili mwanafunzi asiye na kitu asinunue intaneti kwa usingizi wake.

2. Vijana wetu wanabeti wakiwa na umri wa shule. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha baba au kaka, na mtandao unamjua mwenye laini, haumjui anayebonyeza. Nauli inaingia kwenye mkeka wa kubeti. Mkeka ukichanika, kijana anajifungia ndani na hasemi na mtu. Tunaomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha izibane kampuni zithibitishe umri wa mchezaji mwenyewe.

3. Jambo hili la tatu ni zito, tunaomba utuvumilie. Binti wa kidato cha tatu, mtoto wetu sote, picha yake ya faragha ilisambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Aliacha shule. Alikuwa akikaa chumbani dirisha limefungwa mchana kutwa, na kila simu ikiita hata kwa jirani anashtuka. Mama yake alipokwenda polisi kushtaki aliambiwa arudi kesho. Aliporudi akaambiwa alete ushahidi uliochapishwa. Mheshimiwa, kuichapisha picha ile kwenye steshenari ya mtaani ni kuisambaza upya. Mama alirudi nyumbani na shauri likaishia hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Tunaomba askari wa dawati wafundishwe kupokea ushahidi ukiwa ndani ya simu, mlalamikaji apokewe na askari wa kike katika chumba chenye mlango, na namba 116 iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kila shule ya wilaya hii.

4. Waliomaliza shule wanateswa na mikopo ya mtandaoni. Akichelewa siku moja, ndugu, wakwe na mchungaji wanatumiwa ujumbe wa kumwita mwizi. Benki Kuu ilitangaza programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024, tunashukuru, lakini fedheha haijakoma. Tunaomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ije huku kwenye kata kupokea malalamiko, kwa kuwa wengi wetu hata hatukujua kwamba sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inatulinda.

5. Kijana aliyezidiwa na mawazo hana pa kwenda. Zahanati yetu inapima malaria na shinikizo la damu. Wa kumsikiliza hayupo. Na kiwanja cha mpira kimejengwa fremu za maduka. Vijana walipokuwa wakichangia risala hii walituuliza wakiweka simu chini waende wapi, nasi hatukuwa na jibu. Tunaomba mtaalamu wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya afike zahanati yetu angalau siku moja kila mwezi, na eneo la wazi lililobaki nyuma ya soko lipimwe na kutengwa kwa michezo kabla halijauzwa nalo.

Nakala ya risala hii tumemkabidhi Mtendaji wa Kata. Tunaomba majibu kwa maandishi, yasomwe kwenye mkutano ujao wa hadhara.

Tunaomba kuwasilisha.