Picha Safi Si Goti Zima



Yako maneno ambayo sisi wakazi wa Kabeza tumechoka kuyasikia. Mwenzetu analalamika maumivu ya goti. Anakwenda kupigwa eksirei, na picha inarudi haina mfupa uliovunjika. Basi nyapara anatamka: "Goti lako zima, rudi kazini. Ugonjwa wako ni uvivu." Tunasema hapana. Picha ile haikusema hivyo, na kila mwanachama inampasa kujua kwa nini.

Mbele ya goti upo mfupa mdogo uitwao pia ya goti. Kila tunapokunja na kunyoosha mguu, mfupa huo hupanda na kushuka katika mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Upande wake wa nyuma umefunikwa na gegedu, tabaka lenye utelezi linalozuia mifupa isisagane. Mtu anapopanda ngazi, pia ya goti hubanwa kwa nguvu ipatayo mara 3 ya uzito wa mwili wake. Akichuchumaa sana, nguvu hiyo yaweza kufika mara 7. Sasa mtwike gunia mabegani! Tena gegedu haina mishipa ya damu, na kwa hiyo ikichakaa haiponi upesi kama ngozi.

Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa. Gegedu yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa. Ikipungua, daktari hujua kwamba gegedu imelika. Lakini mgonjwa akipigwa picha amelala, nafasi hiyo yaweza kuonekana ya kutosha kumbe haitoshi. Sharti asimame, mguu ubebe uzito.

Pia ya goti nayo ina picha zake. Ikiwa imeinama au imehamia upande, picha ya mbele peke yake yaweza kulificha jambo hilo. Inatakiwa picha inayopigwa goti limekunjwa, ikifuata mfereji, ili ionekane kama mfupa umekaa katikati. Picha ya ubavuni huonyesha kama umepanda juu mno. Tangu mwaka 1971 madaktari hulinganisha urefu wa mfupa huo na urefu wa ukano ulio chini yake. Ukano ukizidi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, mfupa huhesabiwa kuwa uko juu. Picha zote hizi hupigwa kwa mashine ile ile ya eksirei. Kinachotakiwa ni kuziomba.

Mashine inayoiona gegedu yenyewe ni ile ya sumaku, MRI. Kigali ipo, ila kwa kibarua bei yake ni mzigo mwingine. Hatudai kila goti linalouma liingizwe humo. Wapo watu ambao MRI huonyesha gegedu iliyochanika, nao hawasikii maumivu. Wapo wenye maumivu ambao picha zao ni safi. Kwa sababu hiyo daktari mzuri huanza kwa kulishika goti na kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani, ndipo huagiza picha. Na wengi hupata nafuu bila kisu, kwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kwa kupunguziwa mzigo. Ukweli huo unamfunga mdomo nyapara: kama picha peke yake haitoshi kuthibitisha maumivu, vilevile haitoshi kuyakanusha.

Wala hatudai jambo geni duniani. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja uvimbe wa mbele ya goti unaoletwa na kupiga magoti kwa muda mrefu. Inataja pia kuumia kwa gegedu za ndani ya goti kwa watu wanaofanya kazi wamepiga magoti au wamechuchumaa. Mwaka 2009 Ujerumani ilikubali kuchakaa kwa goti kuwa ugonjwa wa kazi kwa mtu aliyetimiza masaa 13,000 ya kazi ya namna hiyo. Mwaka huo huo Uingereza iliwakubali wachimba makaa ya mawe. Angalieni: Ujerumani pamoja na picha huhesabu masaa ya kazi.

Kuhusu mizigo, Pendekezo namba 128 la mwaka 1967 la shirika hilo hilo linataka mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la kawaida la kahawa ni kilo 60. Hesabu hiyo haihitaji mashine.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mfanyakazi mwenye goti bovu apigwe picha akiwa amesimama, na pia ya goti ipigiwe picha yake. Pili, daktari aandike kazi ya mgonjwa na miaka aliyoifanya, maana bila maandishi hayo dai la madhara ya kazi kwa RSSB halina miguu. Tatu, mizigo ipunguzwe, na wapigao magoti wapewe mito ya magoti na zamu za kubadilishana.

Nawe ndugu, usingoje. Weka daftari: siku, saa, mzigo, maumivu. Likae pamoja na picha zako, nakala mpe mwakilishi wako wa chama. Mmoja akisema goti linamwuma ataitwa mvivu. Madaftari arobaini yakiwekwa mezani, mwajiri atatafuta jina jingine.