Kolwezi: Madeni madogo yanavyokula mkopo wa nyumba

Mfanyakazi wa mgodi anayetaka kukopa benki ili ajenge Manika au Dilala, mara nyingi huuliza kwanza habari ya riba. Benki yenyewe huanza na swali lingine: kila mwezi, ni kiasi gani cha mshahara wake kimekwisha kushikwa na madeni?

Hapo ndipo wengi hukwama. Mshahara ukianza kupitia benki, mikopo midogo hupatikana upesi: avansi ya mshahara, pesa za karo, kadi ya kukopea, pikipiki ya kulipa kidogo kidogo. Kila deni peke yake halitishi. Yakijumlishwa, yanamaliza nafasi ya nyumba.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 imeweka mpaka. Sehemu ya mshahara inayoweza kukatwa kwa ajili ya mdai ni moja ya tano kwa sehemu ya chini ya mshahara, na theluthi moja kwa kinachozidi sehemu hiyo.

Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa dola 900, na benki inayokubali akatwe hadi dola 300 kwa mwezi. Kama hana deni, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na muda wa miaka 10, anaweza kukopa karibu dola 20,900. Lakini kama avansi na pikipiki vinamla dola 180 kila mwezi, zinabaki 120 tu. Mkopo wake unashuka hadi karibu dola 8,400.

Kadi nayo ina hesabu yake. Hata kama hujaigusa, kiwango chake ni pesa ambazo unaweza kuzichukua kesho, na mkopeshaji mwangalifu anaweza kukihesabu kama deni. Kuficha hakusaidii sana: Benki Kuu ya Kongo ina kituo ambako mabenki hupeleka taarifa za wadaiwa wao, na benki nyingine huuliza huko kabla ya kukopesha.

Lualaba ina sababu yake ya ziada ya kuwa na tahadhari. Mgodi wa Mutanda ulisimamisha uzalishaji mwishoni mwa 2019 bei ya kobalti ilipoanguka. Februari 2025 serikali ilizuia kuuza kobalti nje, kisha kuanzia Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni. Kazi ya mgodini inaweza kusimama, lakini tarehe ya kulipa benki haisimami. Aliyeweka nyumba rehani yuko hatarini kuipoteza.

Kwa hiyo maandalizi yaanze miezi mingi kabla ya kuomba. Maliza kwanza madeni mafupi, punguza kiwango cha kadi au uifunge, na usiombe mkopo mpya kwa kipindi hicho. Ukimaliza deni, dai karatasi ya benki inayoonyesha hivyo.

Kisha tazama hati za kiwanja. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni mali ya serikali. Haki yako juu yake inathibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi haitoshi kuweka rehani. Asiye na cheti hicho anaweza kuwa na mshahara usio na deni hata moja, na bado benki ikamrudisha nyumbani.